Habari za Mishipa ya Fahamu na Misuli



Leo nataka kuwaelezeni jinsi misuli ya mwili inavyopata amri ya kufanya kazi, na kwa nini pengine amri hiyo haifiki. Yafaa tulijue jambo hili, maana mtu ambaye amri zake hazifiki huonekana mvivu, au hudhaniwa kuwa amerogwa, kumbe ana ugonjwa ulio na dawa.

Mtu akitaka kuinua jembe, amri hutoka katika ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hushika njia ya mshipa wa fahamu mpaka mkononi. Husafiri kama umeme, tena kwa haraka sana. Lakini mshipa wa fahamu haukuungana na msuli. Kati yao pana mwanya mwembamba kabisa, kadiri ya sehemu moja katika 20,000 ya milimita, na amri ile haiwezi kuuruka.

Basi, hapo ni kama mto usio na daraja. Tarishi akifika ukingoni hana budi kutuma mitumbwi. Mitumbwi hiyo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Mwisho wa mshipa huimwaga. Nayo huvuka mwanya, hufika katika madiko yaliyo juu ya msuli, na hapo msuli hujikaza. Kazi ikiisha, kimeng'enya kilichopo pale huivunja mitumbwi yote mara moja, ili msuli upate kulegea na kungoja amri nyingine. Mambo haya yalidhihirishwa na Henry Dale na wenzake huko London mwaka 1936, na mwaka uo huo yeye na Otto Loewi walipewa Tuzo ya Nobel.

Watu walipata kujua siri hii kwa msaada wa sumu mbili.

Ya kwanza ni kurare, ambayo wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kusini waliipaka katika mishale. Si kama sumu ya mishale ya Wakamba, ambayo huushambulia moyo. Mnyama aliyechomwa kwa kurare hulegea viungo, kisha hushindwa kuvuta pumzi, hali moyo wake ungali ukipiga. Claude Bernard wa Ufaransa aliijaribu kwa vyura katika karne ya 19. Aliona kwamba msuli ukiguswa wenyewe kwa umeme hujikaza, lakini ukiguswa mshipa wake, msuli hautikisiki. Maana kurare huyakalia madiko bila kuleta shehena yoyote, na mitumbwi ya kweli hukosa mahali pa kufikia.

Sumu ya pili ni ya maharagwe ya Calabar, katika nchi ya Nigeria. Zamani mtu aliyeshtakiwa uchawi huko alinyweshwa maji ya maharagwe hayo. Akitapika akapona, aliachiliwa. Akifa, watu walisema hatia yake imethibitika. Mwaka 1864 sumu yenyewe ilitolewa ndani ya maharagwe, ikaitwa fizostigmini. Kazi yake ni kukizuia kile kimeng'enya, hata mitumbwi ikae mwanyani muda mrefu zaidi. Ikizidi huua. Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mashambani hudhuru watu kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo msizishike ovyo, wala msizitie katika chupa za vinywaji.

Sasa sikilizeni habari za ugonjwa wenyewe, uitwao miasthenia. Kope za macho huanguka, mtu huona vitu viwili viwili, taya huchoka kutafuna, na sauti hufifia. Akipumzika hupata nafuu, lakini jioni huzidiwa. Mwaka 1934 daktari mmoja mwanamke, Mary Walker, katika hospitali ya Greenwich, London, alifikiri hivi: ugonjwa huu unafanana na madhara ya kurare, na fizostigmini huipinga kurare. Alimdunga mgonjwa wake dawa hiyo kwa kipimo kidogo, na baada ya muda si mrefu kope iliyoanguka iliinuka. Dawa ya moto ni moto.

Baadaye, katika miaka ya 1970, ilijulikana kwamba katika ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, huyaharibu madiko ya misuli. Siku hizi wagonjwa wengi hupewa piridostigmini, ambayo ni ya jamii moja na fizostigmini, na wengine hupewa dawa za kutuliza kinga. Kurare nayo imepata kazi njema: mwaka 1942 madaktari wa Montreal, Kanada, waliitumia kulegeza misuli ya mgonjwa wakati wa kupasuliwa, na leo dawa za namna hiyo hutumika hospitalini pamoja na mashine ya kupumulia.

Basi, mkimwona mtu ambaye kope zake huanguka kila jioni, msimcheke wala msimtafute mchawi wake. Mpelekeni hospitali. Akishindwa kumeza au kupumua, msingoje hata kuche. Na mwenye ugonjwa huu amwarifu mganga kabla ya kupewa dawa yoyote, maana kwinini na dawa nyingine kadha wa kadha huweza kumzidishia udhaifu.