Maji Mengi Mno

Baada ya mazishi ya mumewe, mama mmoja wa Mbeere alituletea zawadi: mmea wa majani manene yenye miiba midogo kandokando. Tukauweka dirishani hapa Embu, tukaumwagilia maji kila siku. Punde majani yakalegea, mizizi ikaanza kuoza.

Tukakata jani moja. Kama lingalitoa maziwa meupe, tungalijua ni jamii ya mnyaa, ambao maziwa yake hudhuru macho. Lakini utomvu ulikuwa wa manjano, tena mchungu: shubiri! Huo ni mmea wa nchi kavu, uwekao akiba ya maji majanini. Wataka jua, udongo wa kichanga, kopo lenye matundu, na maji udongo ukishakauka tu.

Ndipo tukakumbuka: yule mama naye tulimmwagia maneno kila siku, tusimwulize ana haja gani. Paulo aliwaombea Wafilipi upendo wenye ufahamu. Tulirudi kwake, tukaketi kimya. Ndipo akaanza kusimulia.

Mpendwa, jirani yako aliyefiwa, umemsikiliza? Mungu akubariki. Amina.