Nikipata Bastola, Nitalala Usingizi? Mazungumzo katika Baraza la Usalama, Ukunda



Nimeombwa nizungumze kuhusu silaha za kujilinda. Nianze na lililo wazi tusipotezeane muda: serikali ya kaunti haitoi cheti cha bunduki. Chini ya Katiba ya 2010 polisi na usalama ni kazi ya serikali ya kitaifa, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hata hivyo swali huletwa kwetu. Mama mmoja mwenye duka karibu na Kona ya Musa, anayefunga saa nne usiku, aliniuliza: "Mwanangu, nikipata bastola, nitalala usingizi?" Nilimwahidi jibu la kweli.

Wengi hapa tunakumbuka Agosti 1997. Mimi nilikuwa mtoto, nimelazwa sakafuni chini ya kitanda na ndugu zangu, tumeambiwa tusikohoe. Usiku wa tarehe 13 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuondoka na bunduki. Baadaye Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, na jina la Kaya Bombo likajulikana nchi nzima. Nakumbusha hilo kwa sababu moja: bunduki zile ziliwekwa pale kulinda watu, na usiku mmoja zilibadilisha mikono. Kubadilisha mikono ndiyo hatari kubwa ya bastola katika shambulio la karibu.

Maana huku kwetu shambulio huwa la karibu. Mtu hakufyatulii risasi kutoka ng'ambo ya barabara. Anakuja kama mteja, au anatoka nyuma ya ua na panga. Mwaka 1983 afisa wa polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio alilofanya: mtu mwenye kisu huweza kukimbia futi 21 kwa takriban sekunde moja na nusu. Hizo ni mita 6 na ziada, urefu wa matatu na hatua mbili tatu. Sasa mama yangu, bastola iko ndani ya mkoba, chini ya kanga, na mkononi una chenji ya mteja. Hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana mafunzo ya karibu hayafanani na kulenga shabaha. Kugonga karatasi ukiwa umesimama wima, umepumua vizuri, ni mwanzo tu. Mkufunzi mzuri anakufundisha kwanza kuondoka kwenye njia ya panga, hatua ya kando, huku meza au gari likibaki kati yenu. Anakufundisha kutumia mkono mtupu kumsukuma au kujikinga, na kuiweka bastola karibu na mwili, kwa sababu ukiinyoosha mbele unampa mwenzako kitu cha kushika. Sehemu kubwa hufanywa kwa bastola ya plastiki isiyoweza kufyatua, au kwa silaha iliyokaguliwa mara mbili kuwa tupu na risasi zimewekwa chumba kingine. Unarudia pole pole hadi mkono ujue wenyewe. Na kidole hakigusi pa kufyatulia mpaka umeamua. Mwenye cheti aliyefanya hayo mara moja, siku ya kuomba cheti, hajajifunza.

Somo gumu zaidi ni la kutofyatua. Mkufunzi anakuletea mtu gizani: ameshika nini? Simu? Tochi? Ni mwanao amerudi amechelewa? Tarehe 21 Septemba 2013 kule Westgate, raia wenye silaha halali waliingia pamoja na polisi wasiovaa sare na kutoa watu. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao. Tunawaheshimu. Lakini siku hiyo hiyo afisa wa polisi aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe, na hao walikuwa watu wa mafunzo. Kuta za nyumba zetu nyingi ni za udongo na makuti. Risasi haiishii chumba ulichokusudia.

Kisha kuna mahakama. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaacha suala la kujitetea liamuliwe kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, yaani uwe umeamini kwa dhati kwamba uko hatarini, na nguvu uliyotumia ilingane na hatari hiyo. Mwizi anayekimbia na boksi la simu amekupa mgongo. Ukimpiga risasi hapo, wewe ndiye utakayejieleza kizimbani.

Walio na silaha halali, na Diani mpo: ifungieni nyumbani, ikipotea ripotini polisi siku hiyo hiyo, na msiibebe mkienda kunywa. Desemba 2018 serikali ilitangaza ukaguzi upya wa wenye silaha wote, kwa hivyo cheti si urithi. Na jambo dogo ambalo si dogo: bastola bandia. Sheria inaiadhibu ikitumiwa katika uhalifu. Zile za plastiki tunazowanunulia watoto Idi, zipakeni rangi kali au ziacheni dukani. Askari wa doria gizani hana muda wa kuuliza imetengenezwa wapi.

Mama wa Kona ya Musa nilimjibu hivi: kwa miaka miwili ya mazoezi ya kila mwezi, labda. Kwa sasa, funga saa mbili na jirani zako kwa pamoja, weka taa nje, pesa za siku zisilale dukani, na nambari ya kituo iwe ya kwanza kwenye simu. Akaniambia saa mbili ndipo wateja wanapoanza kuja. Ana haki. Tumekubaliana na wenye maduka sita ya safu ile wafunge saa tatu na nusu, wote, na vijana wa stendi wawasindikize hadi nyumbani. Taa ya barabara iliyokufa pale tumeiandikia barua idara husika.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Karibu, mzee, uliza.