Betri Ihesabiwe kwa Kupanda: Maneno juu ya baiskeli za umeme na baridi ya milimani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, mwanzo wa msimu wa mvua)



Tumeombwa tuseme juu ya baridi. Tunajua wengine watacheka: baridi gani, na sisi tuko karibu na ikweta? Ni kweli, kule chini, bonde la Ruzizi, mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Lakini ninyi mnaolala huku juu mnajua blanketi moja haitoshi. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa nyuzi 6 hivi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vyetu vingine vimepita mita 2,000. Kwa hiyo mtu anaacha Uvira na joto la nyuzi 28, akifika juu anakuta 20. Hapo mvua haijanyesha, na jua halijazama.

Kitabu kilichokuja na baiskeli kiliandikwa kwa nchi zenye theluji. Kinasema usichaji betri ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu inaharibika ndani na haiponi. Kwa vijiji vyetu baridi haifiki pale. Baridi yetu ni ya namna ingine: inakuja na maji, inakuja na mlima, na inakuja jioni wakati mtu amechoka. Hiyo kitabu hakikuiandika, basi tuiandike sisi wenyewe.

Kwanza tuseme kosa letu. Msimu uliopita tulimtuma mwenzetu kuchukua dawa bondeni. Asubuhi jua lilikuwa linawaka, naye alivaa shati moja. Tulitazama betri, tukasema: imejaa, nenda. Kushuka kulikuwa raha. Kurudi, akiwa na maboksi mawili nyuma, betri ilizimika katikati ya mlima na mvua ikaanza. Alisukuma baiskeli kwa miguu, hakutaka kuacha dawa za watu. Wakulima walimkuta amekaa kando ya njia. Alikuwa ameacha kutetemeka, na anasema maneno kama mlevi. Mtu mmoja alitaka kumpa kanyanga. Mama mmoja akakataa, akamvua zile nguo zenye maji, akamfunga blanketi, akamnywesha uji wa moto kidogo kidogo. Yule mama ndiye alimuokoa. Mwenzetu yuko hapa leo, ametupa ruhusa tuseme, na tunamwomba tena msamaha mbele yenu.

Tulikosa wapi? Tulihesabu betri kwa kuenda, hatukuihesabu kwa kupanda.

Wengi wetu tulijifunza baiskeli tukiwa ukimbizini, Nyarugusu, kule Kigoma. Ile ya kawaida haidanganyi: miguu ikichoka, unajua. Hii ya umeme inadanganya. Asubuhi unateremka, taa za betri zinabaki zote, unafurahi. Sasa tufanye hesabu. Mtu kilo 65, baiskeli kilo 25, mzigo kilo 30: jumla kilo 120. Kuinua kilo 120 kwa mita 1,000 za mlima kunakula wati-saa 327 hivi. Ukiongeza umeme unaopotea kama joto ndani ya mota, unafika karibu 430. Matope hatujayahesabu. Betri zetu ni za wati-saa 500, tena zile zikiwa mpya. Zikizeeka zinapungua. Na betri ikipoa inatoa umeme kwa shida, hasa pale mlima unapokaza: taa zinashuka haraka, mota inakatika. Kama miguu yako haisaidii, hufiki.

Kwa hiyo, ndugu waendeshaji, kanyaga tangu mwanzo wa mlima. Weka msaada wa mota chini, usingoje betri ikwishe ndiyo ukumbuke miguu. Kukanyaga kunalinda betri, na kunapasha mwili. Mtu anayekaa tu kama kwenye pikipiki, upepo unamkula.

Juu ya mwili. Beba nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, hata kama jua linawaka. Ukifika juu na jasho, vua lile shati lenye maji mbele ya kuanza kuteremka upande ule mwingine, kwa sababu nguo yenye maji inatoa joto la mwili haraka sana. Kama hauna koti la mvua, kipande cha shitingi chenye tundu la kichwa kinasaidia, ila kifunge kiunoni kisiingie kwenye gurudumu. Gazeti kavu chini ya shati linazuia upepo kifuani. Mikono muilinde: vidole vikikufa ganzi huwezi kukamata breki. Ukiona mwenzako anatetemeka sana, anaangusha vitu, anasema polepole, simameni. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, usiseme amepona, hapo ndiyo hatari kubwa. Kanyanga usimpe. Inaleta damu karibu na ngozi, mtu anasikia moto, kumbe joto lake linatoka nje.

Juu ya baiskeli. Usiivushe mtoni maji yakifika kwenye mota. Ibebeni wawili, ao mzunguke darajani. Ukifika nyumbani, ondoa betri, pangusa pale inaposhikana na waya, iache ikauke mbele ya kuchaji. Usiikaushe kwenye mbabula! Usiichaji karibu na kitanda, wala karibu na moto, wala kwenye mlango ambao ndio njia yenu ya pekee ya kutokea. Betri ya namna hii ikiwaka, kuizima ni kazi ngumu. Na mbabula yenyewe, jamani, msiifungie ndani ya nyumba mkilala, hata baridi ikiuma vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Msimu huu mawingu ni mengi, sahani za jua zinatoa umeme kidogo. Chaji siku jua likipatikana, usingoje usiku wa kuamkia safari. Betri isiyofanya kazi wiki nyingi ikae karibu nusu, isiachwe imekauka kabisa. Breki zitazamwe kila wiki, kwa sababu matope yanazila kama msasa. Mnyororo upanguswe, utiwe mafuta.

Basi tunaomba mkutano ukubali mambo matatu.

La kwanza: saa nane ya mchana ikipita na haujaanza kupanda, lala chini. Mvua ya jioni haina urafiki na mtu. Dawa nyingi zinaweza kungoja asubuhi. Zile ambazo haziwezi kungoja, waende watu wawili.

La pili: muendeshaji akisema leo siendi, hatuulizi mara mbili, na hakuna wa kumsema vibaya. Yeye ndiye anaona mawingu, sisi tuko ofisini.

La tatu linawahusu wafadhili wetu. Tulikuwa tumepanga kuomba baiskeli zingine mbili. Tunaomba tubadilishe. Feza hiyo inunue kwanza makoti ya mvua, glavu, mifuko isiyopitisha maji, na betri moja ya akiba ikae kwa mwenzetu katikati ya mlima. Tunajua baiskeli mpya inapendeza kwenye picha kuliko glavu. Lakini baiskeli tulizo nazo zinatosha, kama wanaoziendesha wanarudi nyumbani.

Kesho asubuhi, muendeshaji wa kwanza akitoka, tusimuulize kama betri imejaa. Tumuulize: nguo kavu iko wapi, na utaanza kupanda saa ngapi?