Kujua Nchi Unayoishi: Je, Ni Masomo ya Bure?

Haya ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wafanyakazi wetu wa mashinani mbele ya familia zilizohamishwa na vita, wazee na viongozi wa vijiji vilivyowapokea, katika kikao cha mazungumzo ya amani.

 

Leo sikuja na orodha ya majina wala kadi za chakula, kwa hiyo mtanisamehe. Nimekuja na swali la mzee mmoja wa kambi hii. Yuko hapa kati yetu, na amenipa ruhusa nilisimulie bila kumtaja jina.

Mzee huyu ana mpwa, mtoto wa dada yake. Wakati wa vita kijana huyo alikimbia pamoja na wazazi wake akiwa bado mdogo. Walivuka Ziwa Tanganyika, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, halafu familia ikapokelewa Kanada. Sasa kijana yuko chuo kikuu. Siku moja alimpigia mjomba wake simu, akasema: "Mjomba, nimechagua somo langu kuu. Ninasomea Kanada."

Mzee akauliza: "Najua uko Kanada. Unasomea nini huko?"

"Ninasomea Kanada yenyewe, mjomba. Jamii yake na utamaduni wake."

Mzee akakata simu. Kwa majuma mawili hakupokea tena simu ya mpwa wake. Aliniambia hivi: "Tulimtazamia awe daktari au mhandisi. Mtu anakula ugali kila siku, halafu anakwenda chuo kikuu kusomea ugali?"

Nilicheka, na yeye pia alicheka. Lakini baadaye niliona kwamba swali lake ni zito. Mtu anapata faida gani kusomea jamii anamoishi? Na sisi tuliohamishwa, jambo hilo linatuhusu nini?

Kwanza, tujue masomo hayo ni nini. Kanada shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka minne, na kila mwanafunzi huchagua somo kuu. Yule anayesomea Kanada hafungwi katika idara moja. Anasoma historia, siasa, sheria, jiografia, fasihi, habari za watu wa asili wa nchi ile, na mara nyingi lugha ya Kifaransa pamoja na Kiingereza. Anafundishwa kusoma hati za zamani, kuwahoji wazee, kulinganisha ushahidi wa watu wanaopingana, na kuandika kwa haki.

Pili, tujue kwa nini masomo hayo yalianzishwa. Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, kilianzisha taasisi ya masomo ya Kanada mwaka 1957. Lakini kwa miaka mingi vyuo vingi viliendelea kuwafundisha vijana habari za Uingereza na Marekani kuliko habari za kwao. Mwaka 1972 vyuo vikuu vya Kanada viliunda tume ya kuchunguza jambo hilo, chini ya Tom Symons, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Trent. Ripoti yake ilitoka mwaka 1975, na kichwa chake maana yake ni "Kujijua Wenyewe". Ilionyesha kwamba nchi tajiri, yenye vyuo vikubwa, ilikuwa haijisomi yenyewe.

Wazee waliosoma zamani za Wabeljiji wanatikisa vichwa, kwa sababu wanakumbuka jinsi walivyofundishwa habari za wafalme wa Ubeljiji kabla ya kufundishwa habari za watawala wao wenyewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nchi inayojisoma kwa kweli haikuti sifa peke yake. Inakuta pia vidonda vyake. Nitawapa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa watu waliofukuzwa kwao kama ninyi. Wanaitwa Waakadia. Walikuwa wakulima wenye asili ya Kifaransa, waliokaa katika sehemu ambazo leo ni Nova Scotia na majimbo jirani. Mwaka 1755 watawala Waingereza waliwashuku kwamba ni upande wa adui, kwa kuwa walikataa kula kiapo kisicho na masharti. Wakaanza kuwakamata na kuwapakia katika meli. Vijiji vilichomwa moto. Hadi mwaka 1763 zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameondolewa, na maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na kuzama baharini. Baada ya vita wengine waliruhusiwa kurudi, lakini walikuta mashamba yao yamekwisha kupewa watu wengine. Iliwabidi kuanza upya mahali pengine.

Nikisoma habari hizo ninawaona watu wa kambi hii. Ila angalieni walichokifanya. Walilinda lugha yao, majina ya vijiji vyao na orodha za koo zao. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Moncton, kinachofundisha kwa Kifaransa, na ndani yake kuna kituo cha kutunza historia ya Waakadia. Mwaka 2003 serikali ya Kanada ilitoa tangazo kwa jina la Malkia, likikiri mateso ya kufukuzwa kwao. Tangu mwaka 2005 kila tarehe 28 Julai ni siku ya kuyakumbuka. Sitawadanganya: tangazo hilo halikurudisha mashamba wala kulipa fidia. Lakini leo hakuna anayeweza kusimama na kusema, "Hawa hawakuwahi kukaa hapa."

Mfano wa pili unauma zaidi. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali ya Kanada, pamoja na makanisa, iliwachukua watoto wa watu wa asili na kuwaweka katika shule za bweni mbali na wazazi wao. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo. Waliadhibiwa kwa kusema lugha zao. Wengi walitendewa vibaya, na maelfu walikufa. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Wakati huo wote Wakanada wengi hawakujua, kwa sababu vitabu vyao vya shule havikusema.

Waliovunja kimya ni wale waliopitia shule hizo. Walisimulia na kupeleka kesi mahakamani. Mwaka 2008 waziri mkuu Stephen Harper aliomba msamaha bungeni. Mwaka huohuo iliundwa Tume ya Ukweli na Upatanisho. Ilisikiliza mashahidi zaidi ya 6,500, na mwaka 2015 ikatoa miito 94 ya kutenda. Baadhi ya miito hiyo inataka habari za shule hizo zifundishwe kwa watoto na kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Tangu mwaka 2016 kila mwanafunzi anayeanza shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Winnipeg hana budi kusoma walau somo moja kuhusu watu wa asili. Ushahidi uliokusanywa unatunzwa katika kituo kilicho Chuo Kikuu cha Manitoba. Miito mingi bado haijatimizwa, na watu wa asili wenyewe wanaendelea kulalamika. Kazi haijaisha.

Basi, kijana wetu anayesomea Kanada anasoma mambo hayo. Anasoma jinsi watu wanavyoweza kuishi katika nchi moja na kutojuana, na kazi inayohitajika ili wajuane.

Je, masomo hayo yatampa kazi? Tuseme ukweli. Si kama uuguzi, ambapo kazi inajulikana tangu siku ya kwanza. Mwaka 2012 serikali ya Kanada ilifuta hata mpango wake wa kusaidia masomo hayo katika vyuo vya nchi za nje. Lakini waliohitimu hufanya kazi katika ofisi za serikali, makumbusho, uandishi wa habari na mashirika yanayopokea wageni. Wengine huongeza masomo wakawa walimu au wanasheria. Kijana mwenye busara anaweza pia kuunganisha somo hilo na somo jingine kuu. Sisemi haya ili vijana wauze mbuzi watafute viza. Mtu akikudai pesa ili akuandikishe kwenda Kanada, mkimbie.

Sasa turudi kwetu.

Mimi nina lisansi ya maendeleo ya vijijini. Nilifundishwa kupima mashamba na kuandika miradi. Lakini siku ya kwanza nilipotumwa kwenye mlima wenye ugomvi, wakulima walinieleza historia moja, na wafugaji wakanieleza nyingine. Walitaja kijito kilekile kwa majina mawili. Mimi, msomi, sikujua hata niulize nini. Hakuna darasa lililonifundisha habari za mlima ule. Nilirudi na ripoti yenye kurasa kumi, na ugomvi ukabaki vilevile.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kujua jamii yako ni kazi ya amani. Asiyejua historia ya jirani yake huuziwa uongo kwa bei rahisi. Wanaowaingiza watoto wetu katika vikundi vya silaha huanza kwa kuwapa historia ya upande mmoja.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na yote yanawezekana hapahapa kambini.

Moja: kila familia imwandikie mtoto katika daftari jina la kijiji, majina ya babu na bibi, mipaka ya shamba, na majina ya majirani wote, hata wale wa kabila jingine. Tusiwafute majirani katika daftari.

Mbili: wazee wa pande zote wakae pamoja na kusimulia jinsi watu walivyooana, walivyobadilishana maziwa na mihogo, na jinsi walivyomaliza ugomvi zamani. Tukiandika machungu peke yake, tutawarithisha watoto kisasi.

Tatu: anayesimulia aseme alichokiona yeye mwenyewe, na akitaja aliyosikia, aseme kwamba amesikia. Jina la mtu anayetuhumiwa lisisomwe mbele ya watu. Na daftari lenye ushahidi mzito litunzwe mahali pa salama, lisizunguke kambini, kwa maana linaweza kuleta hatari.

Nne: tusiwadharau vijana wanaochagua kusomea historia, lugha na jamii, hapa au ugenini. Tunahitaji madaktari, ndiyo. Lakini risasi ikishatolewa mwilini, bado kuna sababu iliyoifanya ipigwe. Nani atasomea sababu hiyo?

Nimalize habari ya mzee wetu. Wiki iliyopita alikubali kupokea simu. Mpwa wake alimwambia: "Mjomba, nilikuwa ninakutafuta kwa sababu mwalimu ametuambia kila mmoja aandike jinsi familia yake ilivyofika Kanada. Amesema habari zetu nazo ni habari za Kanada. Lakini mimi nilikuwa mdogo. Sijui tulitoka kwa njia gani. Sijui hata babu alizikwa wapi."

Mzee alinyamaza. Halafu akaanza kusema. Alisema mpaka pesa ya simu ya kijana ikaisha, kijana akaongeza nyingine, nayo ikaisha. Aliniambia kwamba mambo mengine alikuwa hajamsimulia mtu yeyote, hata watoto wake walio hapa kambini. Jioni ile aliwaita, akawasimulia nao.

Mzee wangu, asante. Mwalimu wa kijana yule ni wewe.

 Mungu atulinde, na aturudishe nyumbani kwa amani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Watoto wetu wanajua nini kuhusu kijiji tulikotoka? Nani aliwafundisha?
2. Ni jambo gani jema kuhusu jirani wa kabila jingine ambalo hatujawahi kuwasimulia watoto?
3. Tutaanzaje kusimulia bila kuamsha chuki, na nani wa kila upande ataongoza?