Deni la mama na faili tatu: maneno ya ofisi ya daftari kwenye mkutano mkuu



Mulituuliza kwa nini tunashinda mbele ya kompyuta moja ya zamani, tena kwenye kioo hakuna picha, ni maandishi matupu. Tutajibu kwa kisa kimoja.

Mwezi uliopita mama mmoja mjane alikuja kuomba mkopo wa mbegu. Programu yetu, ile vijana walianza kuiandika tukiwa bado kambini Nyarugusu, ikasema angali na deni. Mama akafungua kitenge, akatoa risiti: “Mimi nilishalipa. Munataka nilipe mara ngapi?” Kamati ilikuwa inakaa jioni ileile kugawa mikopo, na betri ya sola ilibakiza kama saa moja hivi.

Programu haiko kwenye faili moja. Iko mikopo.py, iko malipo.py, iko risiti.py, na kosa lilijificha katikati yao. Zamani tungefunga faili, turudi kwenye orodha, tufungue lingine, tushuke mpaka mstari tunaoutaka. Tukifika, tumeshasahau tulichoona kule. Ile kazi ilikuwa inatumaliza.

Siku hizi tunaandikia ndani ya Vim. Kwenye mikopo.py, tuliweka kishale juu ya neno malipo, pale penye mstari wa import, tukabonyeza g halafu f. Faili la malipo likafunguka. Kisha Ctrl na 6 pamoja: umerudi kwenye mikopo, mstari uleule ulioacha. Bonyeza tena, uko malipo. Huku na huku, mkono haujagusa hata panya. Ukiwa umebadilisha kitu bila kuhifadhi, itakukatalia kuhama. Vijana wanachukia hiyo, sisi tunaipenda. Andika :w kwanza, kisha uende.

Mara ya nne kwenda na kurudi, mmoja wetu akapiga meza. Mikopo ilikuwa inatafuta kadi namba 47. Malipo ilikuwa imeandika 047. Kwa mashini, hao ni watu wawili! Franka za mama zilikuwa zimemlipia mtu asiyekuwepo. Na hakuwa peke yake: wenye kadi za chini ya 100 wote walikuwa hatarini. Kosa ni letu, si la mashini, na mama tulimwomba radhi mbele ya kamati. Mbegu alipata.

Wafadhili wengine wanauliza hiyo Vim ni bei gani. Ni bure. Aliyeitoa mwaka 1991 ni Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyefariki 2023. Mwaka 1994 alifanya kazi Kibaale, hapo jirani Uganda, na tangu hapo anayeitumia programu yake anaombwa asaidie watoto wa kule. Inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta iliyochoka kama yetu, bila intaneti.

Kwa hiyo kompyuta mpya hatuombi. Tunaomba betri ya pili, juu ya ile saa moja ilitutosha kwa bahati tu.

Wenye kadi za chini ya 100, muje ofisini Jumanne asubuhi na risiti zenu zote, hata zilizochanika.