Mnara Uliohamishwa



Leo twawapeleka mbali, hadi miamba ya Eddystone, iliyo baharini yapata kilomita 20 kutoka mji wa Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Maji yakijaa, huonekani mwamba ila povu tu. Merikebu nyingi zilivunjikia hapo, na mabaharia wakazama wakiwa karibu kufika kwao.

Wa kwanza kuweka taa pale alikuwa Henry Winstanley, mwaka 1698. Husimuliwa kwamba alitamani kuwa ndani ya mnara wake siku ya dhoruba kuu. Dhoruba ikaja Novemba 1703, naye alikuwamo. Kulipokucha mnara haukuwapo, wala yeye, wala waliokuwa pamoja naye. Mnara wa pili, wa John Rudyerd, ulisimama tangu 1709 hata ukateketea kwa moto mwaka 1755.

Ndipo akaitwa John Smeaton. Huyu alifikiri juu ya mti wa mwaloni, ulio mpana shinani na mwembamba juu, nao hauangushwi na upepo kwa urahisi. Akajenga kwa umbo hilo. Mawe aliyachonga yaingiane, kama seremala aungavyo pembe za sanduku, akatumia chokaa inayoshika hata majini. Oktoba 1759 taa ikawashwa. Taa yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa mishumaa 24 tu! Na ndani, katika ukuta wa chumba cha juu, yalichongwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 127. Fungueni Biblia zenu myasome, mkikumbuka yaliandikwa na fundi aliyejua vema hesabu zake.

Mnara huo ulidumu zaidi ya miaka 120. Halafu walinzi wakaona kwamba mawimbi makubwa yakipiga, unatikisika. Wakaguzi walipochunguza, hawakuona kosa katika mawe ya Smeaton. Mwamba wenyewe ndio ulikuwa ukiliwa na bahari kutoka chini. Wengi wetu tusomapo habari za nyumba juu ya mwamba, twaitazama nyumba, hatuulizi ni mwamba gani.

James Douglass akajenga mnara mwingine juu ya mwamba wa jirani, ukawashwa 1882. Ungali unaangaza hata leo, ingawa tangu 1982 hakuna mlinzi akaaye humo.

Na ule wa zamani je? Ungeweza kubomolewa tu na kusahauliwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini watu wa Plymouth walichanga fedha. Mawe ya sehemu ya juu yakashushwa, yakaletwa pwani, yakajengwa tena juu ya kilima cha Hoe, mnara ukafunguliwa mwaka 1884. Sisi twaona walifanya jambo la heshima. Hata sasa wageni hupanda ngazi zake na kutazama bahari.

Sehemu ya chini haikuhamishwa. Kisiki chake kingali palepale Eddystone, kando ya mnara mpya, na mawimbi yanakipiga.