Mbingu Hazina Mpaka

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za anga za juu, nasi twaanzia hapa hapa Nyalikungu, katika wilaya ya Maswa. Mkulima wa pamba huinua macho kulitazama wingu. Wingu hilo halikuzaliwa Maswa. Limevuka mipaka ya nchi wala halikuomba ruhusa.

Ndivyo vilivyo vyombo vya angani. Chombo kikiisha kurushwa, huweza kuizunguka dunia yote kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Lakini dunia ni mviringo, na sauti ya simu ya upepo itumiwayo kusema nacho huenda moja kwa moja. Kwa hiyo kituo kimoja hukisikia dakika chache tu, kisha chombo huzama. Zamani ilibidi kituo kingine kikipokee, na kingine tena, kama watu wapokezanavyo ndoo za maji kuzima moto. Siku zile ilikuwa vigumu taifa moja kuifanya kazi hiyo bila jirani.

Ndiyo sababu Wamarekani, walipotaka kumpeleka mtu angani, waliweka vituo 18 kuizunguka dunia, viwili vikiwa merikebuni. Kimoja kilikuwa Tunguu, katika kisiwa cha Unguja, kwa mapatano yaliyofanywa na Uingereza mwaka 1960. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na alipopita juu ya nchi zetu alisemezana na kituo cha Unguja.

Je, wenyeji walifurahi wote? La. Wengi walikuwa na hofu. Walisema: twajuaje kuwa hiki si kituo cha silaha? Vita ikizuka, je, kisiwa chetu hakitapigwa kwa ajili ya ugomvi wa wengine? Kazi ya kituo ilikuwa kusikiliza na kupima tu. Lakini mapatano yalifanywa na wakubwa wa mbali, na mwananchi hakuulizwa. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kilifungwa, na kazi yake ikafanyika Bukini, yaani Madagaska.

Sisi hatuwacheki waliohofu. Mtu akichimba shimo uani mwako usiku, una haki kumwuliza analochimba.

Mwaka 1967 mataifa yaliweka mkataba juu ya jambo hili. Wasema kwamba hakuna taifa liwezalo kujitwalia mwezi au anga kuwa milki yake. Kwamba silaha za maangamizi zisiwekwe katika njia ya kuizunguka dunia. Na kwamba uchunguzi wa anga uwe kwa faida ya nchi zote, ziwe tajiri au maskini.

Faida hiyo hata sisi twaipata. Picha za mawingu zipigwazo na vyombo vya Ulaya hutumiwa na watabiri wa hali ya hewa wa Tanzania, na habari za mvua humfikia mkulima kabla hajapanda mbegu.

Basi, ninyi wanafunzi, jifunzeni hesabu na elimu ya nyota, mpate siku moja kuwa miongoni mwa wanaopatana, si wanaopatanishiwa tu. Nanyi wazee, msione haya kuuliza. Ushirikiano usioelezwa kwa wenyeji ni nyumba isiyo na msingi.